Kipokezi cha redio tambuzi kinapodanganya: dalili, vyanzo na tiba kwa saketi zinazotumia umeme kidogo

Redio ya kawaida hutafuta kituo inachokitaka. Redio tambuzi ina kazi ngumu zaidi: husikiliza masafa ya mtu mwingine, huamua kama mwenyewe yupo hewani au hayupo, kisha huazima nafasi ikiiona wazi. Ikisema chaneli ni tupu kumbe kuna kituo, kuna nyumba mahali fulani ambayo picha ya TV inaanza kukwama. Ikisema imejaa kumbe ni tupu, masafa yanakaa bure na hakuna anayefaidika. Kipokezi cha betri au cha paneli ndogo ya sola hukosea zaidi, kwa kuwa kila miliampea uliyobana imepunguza kitu fulani kwenye saketi, na upungufu huo hujitokeza kama jibu la uongo.

Hapa nazungumzia mkanda wa TV, MHz 470 hadi 694, wenye chaneli za MHz 8 kuanzia namba 21 hadi 48. Ndio mkanda ambao Kenya ilianza kuujaribu kwa intaneti karibu na Nanyuki mwaka 2013. Muundo ninaouchukulia ni huu uliozoeleka: antena, kichujio, amplifaya ya kwanza, kichanganya masafa kinachoshusha ishara moja kwa moja hadi karibu na sifuri, kichujio cha pili, kisha kigeuzi cha kidijiti. Ni upande wa kusikiliza tu. Kabla ya kurusha chochote, ruhusa hutoka kwa mamlaka ya mawasiliano: TCRA kwa aliye Tanzania na CA kwa aliye Kenya.

Lengo la usikivu nalichukua kwa Wamarekani. Mwaka 2008 FCC, tume yao ya mawasiliano, ilitaka vifaa vya namna hii vitambue ishara ya -114 dBm (dBm ni desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati moja, na kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu). Mwaka 2010 iliviondolea sharti la kusikiliza vile vinavyouliza hifadhidata ya mahali vilipo. Lakini kifaa kilichoko shambani bila mtandao hakina hifadhidata ya kuiuliza, na hata chenye mtandao hunufaika kujua ipi kati ya chaneli zilizoruhusiwa iliyo safi. Kwa hiyo namba hiyo bado ni kipimo kizuri cha kujipima.

Vipimo vitatu kabla ya kugusa chochote

Mafundi wengi wakiona kipokezi hakisikii hukimbilia kuongeza mkondo wa amplifaya ya kwanza. Nasema mapema kwamba mara nyingi tatizo haliko hapo, na ukiuzoea mkondo huo hutaupunguza tena. Anza na haya.

Kwanza, ng'oa antena na uweke rezista ya omu 50 mahali pake. Alama inayobaki kwenye skrini imezaliwa ndani ya bodi yako au imeingia kupitia waya za umeme. Iliyotoweka ilitoka hewani.

Pili, rudisha antena na uingize kipunguza nguvu cha desibeli 10 kati yake na kipokezi. Ishara ya kweli itashuka desibeli 10. Ishara iliyozaliwa kwa ishara mbili kubwa kugongana ndani ya amplifaya itashuka karibu desibeli 30 ikiwa ni ya daraja la tatu, au 20 ikiwa ni ya daraja la pili. Hakuna kipimo rahisi chenye faida kubwa kuliko hiki, na vipunguza nguvu si ghali.

Tatu, pandisha osileta (saketi inayozalisha wimbi la kuendesha kichanganya masafa) kwa MHz 1 na uangalie alama inakohamia kwenye mkanda wa chini, yaani ishara ikishashushwa. Ya kweli husogea MHz 1 kuelekea chini. Iliyoingia kupitia harmoniki ya pili ya osileta (wimbi la ziada lenye masafa mara mbili) husogea MHz 2, ya tatu husogea MHz 3. Ile ambayo ni taswira ya upande wa pili husogea kinyume. Isiyosogea kabisa imetoka kwenye kigeuzi cha kidijiti, au ni volteji iliyoganda katikati, yaani isiyobadilika (DC).

Andika majibu ya vipimo vyote vitatu kwa kila alama unayoitilia shaka. Sehemu zinazofuata zinategemea majibu hayo.

Dalili: chaneli 37 hadi 40 zimejaa siku zote, na hakuna kituo

Dalili hii hujitokeza sana karibu na minara ya simu, na hesabu yake ni fupi. Kichanganya masafa cha kisasa hufanya kazi kama swichi: hufunguka na kufunga kwa wimbi la mraba, na wimbi la mraba lina harmoniki ya tatu yenye theluthi moja ya ukubwa wa wimbi la msingi. Maana yake, ishara iliyoko kwenye masafa mara tatu ya osileta inaingia ikiwa imepunguzwa desibeli 9.5 tu. Minara ya simu ya mkanda wa 1800 hurusha kati ya MHz 1805 na 1880. Gawanya kwa tatu: MHz 601.7 hadi 626.7. Hizo ndizo chaneli 37 hadi 40.

Ikiwa dalili iko chaneli 21 na mwanzo wa 22, gawanya kwa mbili. Minara ya mkanda wa 900 hurusha MHz 925 hadi 960, na nusu yake ni 462.5 hadi 480. Kichanganyi chenye pande mbili zilizo sawa hakipaswi kupokea harmoniki ya pili. Kikiipokea, wimbi la osileta halijagawanyika nusu kwa nusu, au pande mbili za saketi hazilingani. Tumia osileta ya masafa mara mbili na uigawanye kwa mbili kwa saketi ya kidijiti. Tatizo hili kwa kawaida hupungua papo hapo.

Tatizo la harmoniki ya tatu ni zito zaidi. Chukua mnara unaokufikia kwa -30 dBm. Kuushusha hadi -114 dBm unahitaji desibeli 84. Wimbi la mraba limekupa 9.5. Zimebaki karibu 75. Zipo njia mbili kubwa za kuzitafuta. Ya kwanza ni kichujio cha koili na kapasita mlangoni, kinachopitisha chini ya MHz 750. Cha hatua tano kwa nadharia kinakupa karibu desibeli 38 kwenye MHz 1805, cha hatua saba karibu 53, na hakili umeme hata kidogo. Gharama yake ni sehemu ya desibeli ya usikivu. Ya pili ni kichanganyi cha awamu nane kinachojumlisha matawi kwa uzito wa 1, mzizi wa 2, na 1, ili harmoniki ya tatu na ya tano zifutane. Kwa vipande vya kawaida visivyorekebishwa, tarajia desibeli 30 hadi 40. Lakini awamu nane zinadai saa (mapigo ya umeme yanayoongoza swichi) ya masafa mara nne au nane ya osileta, na kwa juu ya mkanda huu hiyo ni GHz 2.8 au 5.6. Kila badiliko la saa hujaza na kumwaga kapasita za milango ya transista, na umeme huo hupanda sambamba na masafa.

Hukumu yangu: anza na kichujio. Awamu nane ziongeze tu ikiwa kifaa kitakaa jirani na mnara, maana hapo utahitaji vyote viwili. Na angalia mpangilio wa bodi: kichujio cha hatua saba ambacho koili zake zimelala sambamba, zikitazamana, hakifikii hata nusu ya ahadi yake.

Dalili: vituo vya kivuli vinavyoonekana tu pale ishara kubwa zinapokuwapo

Kipunguza nguvu cha desibeli 10 kimeshusha alama kwa 30? Basi ni mgongano wa daraja la tatu. Vituo viwili vyenye nguvu kwenye chaneli 30 na 34 huzaa vivuli kwenye 26 na 38. Kwa kuwa ishara za TV ni pana, kivuli hakikai ndani ya chaneli moja: ishara mbili za MHz 8 huzaa kivuli kinachoweza kutanuka hadi MHz 24.

Hesabu yake: nguvu ya kivuli ni mara tatu ya nguvu ya ishara, toa mara mbili ya IIP3 (kipimo cha uvumilivu wa amplifaya kwa ishara kubwa; ikiwa juu ni bora), zote kwa dBm. Vituo vya -25 dBm na amplifaya yenye IIP3 ya -10 dBm vinatoa kivuli cha -55 dBm. Ukitaka kivuli kishuke hadi -114 bila kugusa kitu kingine, unahitaji IIP3 ya +19.5 dBm. Amplifaya ya miliampea moja au mbili haifiki huko, usijidanganye. Vituo hivyo vikija kwa -40 dBm, hitaji linashuka hadi -3 dBm, jambo linalowezekana.

Hapo ndipo kuongeza ukuzaji wa amplifaya kunapoharibu zaidi. Transista uliyoinyima mkondo hadi ikafanya kazi chini ya volteji yake ya kuwaka hukupa ukuzaji mzuri kwa kila mikroampea, lakini mkunjo wake ni mkali na hupinda ishara kubwa mapema. Tiba ya bei nafuu ni kipunguza nguvu chenye swichi kilichowekwa kabla ya amplifaya. Pima kwanza nguvu ya mkanda mzima. Ikizidi kiwango ulichoweka, ingiza desibeli 10: unapoteza desibeli 10 za usikivu, lakini kivuli kinashuka 30.

Tiba kubwa zaidi ni kuiondoa amplifaya ya kwanza kabisa na kuanza na kichanganyi cha swichi tupu. Utavumilia ishara kubwa zaidi kwa mbali. Kelele itapanda desibeli chache, na umeme utahamia kwenye viendeshi vya saa. Kwa kifaa cha mjini, kati ya minara na vituo, mimi naichagua njia hii. Kwa kijijini ambako kila ishara ni dhaifu, baki na amplifaya.

Dalili: kifundo katikati ya mkanda

Hii haihitaji maneno mengi. Osileta huvuja hadi mlangoni, hurudi, hujichanganya yenyewe na kuzaa volteji iliyoganda. Juu yake kuna kelele ya transista inayopanda kadiri unavyokaribia sifuri. Ishara ya TV ya MHz 8 haidhuriki sana, lakini ya maikrofoni isiyo na waya, yenye upana wa kHz 200 hivi, inaweza kumezwa yote. Weka osileta pembeni mwa chaneli unayoichunguza, si katikati, kisha uhamishe kwa hesabu kwenye programu. Tumia pia kichanganyi kisichopitisha mkondo wa moja kwa moja. Kelele yake ya chini ni ndogo.

Anayejaribia kwa kidude cha USB cha kupokea TV chenye chipu ya RTL2832U ajue kuwa kristali yake ni ya MHz 28.8, na vizidisho vyake huonekana kama ishara: 489.6, 518.4, 547.2, 576, 604.8, 633.6 na kuendelea. Vifute kwenye orodha kabla ya kuanza kutafuta chanzo.

Dalili: jibu la asubuhi halifanani na jibu la mchana

Hapa ndipo miradi mingi hukwama, nami nitakaa kidogo.

Njia rahisi na isiyokula umeme ya kutambua ishara ni kupima jumla ya nishati ndani ya chaneli na kuilinganisha na kizingiti. Kizingiti hicho umekiweka kwa kujua kelele ya kipokezi chako. Tatizo ni kwamba huijui hasa. Kelele ya rezista tu, ikitoka nyuzi 15 za alfajiri hadi nyuzi 45 ndani ya sanduku la bati saa nane mchana, hupanda desibeli 0.43. Ukuzaji wa amplifaya nao hubadilika na joto, na kwa saketi iliyobanwa mkondo hubadilika zaidi.

Rahul Tandra na Anant Sahai walionyesha mwaka 2008 kuwa kutojua huku kuna mpaka usiovukika. Ukiwa na shaka ya desibeli 1 juu au chini katika kelele, kipimo cha nishati hakiwezi kutambua ishara iliyo chini ya kelele kwa zaidi ya desibeli 3.3, hata ukisikiliza mwaka mzima. Shaka ya desibeli 0.5 inakushusha hadi -6.4, na ya 0.1 hadi -13.4. Sasa linganisha. Kelele ya asili katika upana wa MHz 8 ni karibu -105 dBm. Ongeza desibeli 6 za kipokezi, inakuwa -99. Ishara ya -114 iko desibeli 15 chini ya hapo. Kwa hiyo hata shaka ya sehemu moja ya kumi ya desibeli haitoshi.

Tiba ya kuongeza muda wa kusikiliza ndiyo inayojaribiwa kwanza, nayo ndiyo inayomaliza betri bure: ukishafika mpaka huo, kila sampuli ya ziada ni umeme uliotupwa. Fanya haya badala yake:

- Weka swichi mlangoni inayoweza kuelekeza kipokezi kwenye rezista ya omu 50. Kabla ya kila usikilizaji, pima rezista hiyo kwanza, chaneli baadaye, na utumie uwiano wa vipimo viwili. Mabadiliko ya joto na ukuzaji hufutika.
- Zima udhibiti wa ukuzaji unaojiendesha wakati wa kusikiliza. Ukibadilika katikati ya vipimo viwili, uwiano hauna maana.
- Ikiwa bado hufiki, acha kupima nishati na utafute alama ya ishara yenyewe.

Kuhusu hilo la tatu kuna mtego. DVB-T2, mfumo wa TV unaotumika huku kwetu, una alama nzuri ya mwanzo wa fremu (fungu moja la ishara) iitwayo P1, yenye mikrosekunde 224. Inavutia kuitafuta. Lakini fremu inaweza kuwa na urefu wa hadi milisekunde 250, na P1 huja mwanzoni tu. Kipokezi kinachoamka kwa milisekunde 5 kisha kulala kitaikosa karibu kila mara na kutangaza chaneli tupu. Kwa usikilizaji mfupi, tafuta marudio ya mkia wa kila simbo (vipande vidogo vinavyounda fremu) au mawimbi ya rubani (mawimbi ya alama yanayojulikana mapema), ambavyo vipo muda wote wa fremu.

Ikiwa tofauti ya asubuhi na mchana ni ya desibeli kadhaa, si ya sehemu ya desibeli, acha nadharia na ufunike paneli ya sola kwa kitambaa kizito. Kelele ikishuka, mhalifu ni kidhibiti cha kuchaji. Weka feraiti kwenye waya zake, ufupishe waya hizo, na uamuru kuchaji kusimame kwa milisekunde chache unazosikiliza.

Dalili: ishara dhaifu hupotea jirani mwenye nguvu akiwaka

Vyanzo ni viwili, na tiba zake hazifanani kabisa. Ingiza ishara ndogo ya majaribio, kisha mwashe jirani. Ikiwa ishara ya majaribio yenyewe imepungua, amplifaya imeelemewa. Rudi kwenye kipunguza nguvu. Ikiwa imebaki vile vile lakini kelele imeizunguka na kupanda, osileta yako ni chafu: kelele ya awamu yake, yaani kuyumba kwa wimbi lake, imejichanganya na jirani na kumwaga uchafu ndani ya chaneli yako.

Hesabu: jirani wa -30 dBm, osileta yenye kelele ya awamu ya -130 dBc/Hz (desibeli ikilinganishwa na wimbi lenyewe, kwa kila Hz moja) kwa wastani katika umbali wa masafa kati ya jirani na chaneli yako, upana wa MHz 8 ambao ni desibeli 69. Jumla ni -91 dBm. Kipokezi chenye kelele ya -99 kimeshafunikwa kwa desibeli 8. Ili uchafu huo uwe chini ya kelele walau kwa desibeli 3, osileta inapaswa kufika -141. Hizo ni desibeli 11, na kwa osileta ile ile kila desibeli 3 huomba umeme mara mbili: karibu mara kumi na mbili na nusu kwa jumla. Hakuna betri ndogo itakayokubali. Tafuta koili bora zaidi kwa osileta, weka kichujio kinachompunguza jirani kabla ya kichanganyi, au kubali kwamba chaneli iliyo ubavuni mwa kituo kikubwa si ya kuazimwa. Kwa maoni yangu la mwisho ni la busara na la kiungwana. Ndiko pia unakoweza kumsumbua mwenye masafa kwa urahisi zaidi.

Dalili: betri inaisha mapema kuliko hesabu

Hesabu ya kawaida ni mkondo wa kazi mara sehemu ya muda wa kazi. Miliampea 25 kwa milisekunde 5 kila sekunde ni mikroampea 125. Kinachosahaulika ni kuamka. Kristali ya MHz huchukua milisekunde kadhaa kutulia, na muda huo sehemu kubwa ya saketi inakula bila kufanya kazi. Kila ukizima laini ya volti 1.8 yenye kapasita ya mikrofaradi 10, unamwaga mikrokulombu 18. Ukiamka mara kumi kwa sekunde, hiyo ni mikroampea 180 kabla hujasikiliza lolote. Punguza kapasita za laini zinazozimwa, au amka mara chache na usikilize mfululizo chaneli kadhaa.

Mkondo wa usingizi ukizidi ulioandikwa kwenye karatasi za vipande, tazama pini za maikrokontrola. Pini iliyoachwa na volteji ya juu huku kipande kinachoipokea kimezimwa hukilisha umeme kupitia diodi zake za kinga. Pini zote zinazokwenda kwenye kipande kilichozimwa zishushwe kabla ya kukizima.

Usipime mambo haya kwa mita ya kawaida peke yake. Haiwezi kufuata mapigo mafupi, na kwenye kipimo cha mikroampea huangusha volteji hadi kifaa kikajizima. Tumia rezista ya omu 1 hadi 10 na osiloskopu.

Kifaa kikijiwasha upya kila kinapoanza kusikiliza, ni ukinzani wa ndani wa betri. Ya kidonge aina ya CR2032 ikichoka hufika omu 30 na zaidi. Kwa miliampea 25 volteji huanguka volti 0.75. Kapasita ya kubeba pigo hilo kwa milisekunde 5 bila kuanguka zaidi ya volti 0.3 ni karibu mikrofaradi 420. Chagua isiyovuja, na kumbuka kuwa kapasita ya seramiki ya X5R hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake ikiwekewa volteji, hivyo namba iliyoandikwa si unayoipata.

Kapasita hiyo hiyo inaweza kutibu alama zinazotembea kwenye skrini bila mpangilio. Hizo hutoka kwenye kibadilisha volteji cha swichi, ambacho kikiwa na mzigo mdogo hurukaruka mapigo na kubadili masafa yake. Kijaze kapasita, kisimamishe, usikilize kwa umeme uliohifadhiwa, kisha ukiwashe tena. Sampuli za mikrosekunde mia chache za mwanzo zitupe, kwa kuwa volteji bado inatulia na kipimo cha omu 50 kilichochukuliwa humo kitaharibu kizingiti cha chaneli zote zinazofuata.